Kutoka Msasani hadi Ziwa Nyasa: mashua ya matanga uivute kwa tela au uipakie kwenye lori?

Mtu akitaka kupeleka mashua ya matanga kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa, kila anayemshauri humuuliza kwanza kama gari lake lina nguvu. Nguvu huwa zinatosha. Pikapu ya dizeli yenye turbo itapanda Kitonga na tela la tani moja na nusu, pengine kwa gia namba mbili, pengine nyuma ya foleni ya malori, lakini itafika juu. Kinachoamua safari hii ni kushuka: mzigo huo wote utazuiwa na nini, na kitakachouzuia kitapata moto kiasi gani? Tumelinganisha njia zote kwa kipimo hicho kwanza, kisha gharama na usumbufu.

Barabara yenyewe iko hivi. Dar, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, Uyole, Tukuyu, Kyela, Matema. Kwa jumla ni takriban kilomita 950 hadi 1,000. Unaanza usawa wa bahari, Iringa uko kama mita 1,550, Mbeya mita 1,700, na ukishapita Uyole kuelekea Isyonje unavuka mita 2,000. Kuanzia hapo unateremka hadi ziwani, chini ya mita 500, ndani ya kilomita mia moja hivi. Kwenda, Kitonga inapima rejeta na Tukuyu inapima breki. Kurudi mambo yanageuka: Tukuyu inapima rejeta, halafu unakutana na mteremko wa kuingia Uyole kupitia Igawilo, na kesho yake Kitonga inakupima breki wakati gari na dereva wote wamechoka. Wengi hupanga safari ya kwenda tu wakasahau kwamba mashua lazima irudi.

Hesabu ndogo inasaidia kuona ukubwa wa jambo. Gari na tela vikiwa na tani 4.5 kwa pamoja, kushuka mita 1,500 kunatoa nishati ya joule milioni 66 hivi. Hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 200 za maji kutoka joto la kawaida la bombani. Ukitoa sehemu inayoliwa na upepo na msuguano wa matairi, iliyobaki ni lazima iende kwenye injini au kwenye breki. Hakuna mahali pa tatu.

Kwanza ujue uzito

Usikadirie kwa macho. Laser ina kilo 59 za bodi tupu, Hobie 16 ina kilo 145 hivi ikiwa kamili, Wayfarer inakaribia kilo 170 bila mlingoti na matanga. Hizi ni mashua nyepesi, na mjadala wake ni mfupi. Catalina 22 inakaribia au kupita kilo 1,000 kutegemea aina ya mkuku, yaani uti wa chini wa mashua. Ongeza tela la kilo 350 hadi 400, injini ya nje, betri, nanga na mnyororo wake, matanga, vyombo vya jikoni, na lita chache za maji zilizosahaulika kwenye tangi, unafika kilo 1,600 bila kujua. MacGregor 26X ni jambo jingine: ikiwa kavu ni kama kilo 1,070, lakini uzito wake wa kuituliza ni maji, na maji hayo ni kilo 650 hivi. Yamwage yote kabla ya kuondoka. Livute tela mahali omo, yaani mbele ya mashua, iinuke juu, acha valvu wazi mpaka iache kudondosha, kisha uiache wazi njia nzima. Mashua ya maji ya kuituliza ndiyo rafiki wa milima, na kwa anayenunua leo akiwa na nia ya kwenda maziwani, tungeiweka mbele ya yenye mkuku wa chuma.

Kwa uzito kamili, mizani ya mawe, mchanga au vyuma chakavu pembezoni mwa Dar itakupimia tela peke yake.

Lori: linashinda wapi, linashindwa wapi

Fuso yenye egzosi breki hushuka Kitonga na tani saba kwa utulivu ambao pikapu yenye tela haina. Injini ya dizeli isiyo na egzosi breki huzuia kidogo kuliko ya petroli, kwa sababu haina kile kipepeo cha kuziba hewa inayoingia. Egzosi breki hufanya kazi hiyo kwa kuziba moshi unaotoka. Dereva wa Fuso anayeijua njia ya Mbeya huweka gia, anawasha egzosi, na mguu wake haugusi breki ila kwenye kona. Hakuna tela la kuyumba, hakuna beringi ndogo ya kuungua, hakuna kurudi nyuma kwa mashaka kwenye vituo vya mafuta. Malori mengi hushuka Dar na mchele, ndizi na viazi kutoka Mbeya na Kyela, na nauli ya mzigo wa kurudi huko huwa na nafasi ya kuzungumza. Kwa safari ya kwenda moja kwa moja, mtu anayehamisha mashua na haitarudi, lori ndilo jibu letu karibu kila mara.

Tatizo la lori liko mwisho wa safari. Msasani utapata kreni au watu wa kutosha na njia nzuri ya kuingilia. Matema kuna mchanga, maembe na watu wenye moyo wa kusaidia, lakini usitegemee kreni. Laser watu wawili wanaishusha. Hobie 16 ina upana wa mita 2.41, kwa hiyo mara nyingi haikai bapa ndani ya bodi ya lori; inabidi ifunguliwe, viunzi vyake viwili vya kuelea vilazwe kando kando na vyuma vya kuunganishia vifungwe kwenye blanketi. Ukiweka nati na pini zote kwenye mfuko mmoja uliofungwa ndani ya trampolini, itafungika tena kwa saa moja na nusu. Lakini mashua ya tani moja juu ya bodi yenye kimo cha mita 1.2 haishushwi kwa nguvu za watu, na kuijaribu kwa magogo na kamba ni kuwaweka watu chini ya mkuku.

Njia inayofanya kazi ni kupakia mashua ikiwa juu ya tela lake, tela lenyewe likiwa juu ya lori. Hapo unahitaji lori la kulaza bodi, lile linalobeba magari mabovu, au ukingo wa udongo wenye kimo sawa na bodi ya lori na mbao mbili za inchi tatu za kupitishia matairi. Pale Kyela kingo za namna hiyo zinapatikana ukiuliza wanaopakia mchele. Tela likigusa ardhi, pikapu yoyote ya pale inalivuta hadi ufukweni. Tela likiwa juu ya lori, lifungwe kwa ekseli na chesisi yake. Mikanda inayopita juu ya mashua ni ya kuituliza mashua kwenye tela tu. Ukikaza mashua kwenye bodi ya lori huku springi za tela zikicheza katikati, kila tuta linaichapa bodi ya mashua.

Usikubali mashua ilazwe juu ya magunia au katoni za bidhaa. Mzigo hukaa na kushuka njiani, mikanda inalegea, na pale Mikumi kwenye matuta mashua inaanza kuruka. Uzito wote uwe kwenye mkuku au kwenye mstari wa katikati, na mito ya pembeni iishike tu isilale. Kwa Catalina 22 yenye mkuku wa kuning'inia, chuma kile kina kilo 250 hivi. Lazima kiketi juu ya ubao mgumu. Kikiachwa kwenye kebo yake kwa kilomita elfu moja, kebo hukatika au pini yake hula tundu.

Tela: kila kitu ni breki

Ulaya tela lisilo na breki zake haliruhusiwi kupita kilo 750 kwa jumla. Kwa Kitonga tunakichukulia kikomo hicho kwa uzito wote, na hata chini yake tunataka gari la kuvuta lenye uzito mara mbili na nusu ya tela. Tela la kilo 1,500 lisilo na breki, kwenye mteremko wa asilimia 8, linalisukuma gari kwa nguvu ya kilo 120 muda wote, na zaidi sana unapokanyaga breki ghafla. Msukumo huo ukija kwenye kona, unapiga kitako cha gari kwa ubavu. Kama tela lako ni zito na halina breki, acha kusoma sehemu hii, tafuta lori.

Kwa wenye breki, uchaguzi ni wa aina tatu, na kila moja ina mahali inapokufa.

Ya kwanza ni breki za kusukumwa: tela likilisukuma gari, kichwa cha kiungo kinarudi nyuma na kubana breki, kwa kebo au kwa mafuta. Haihitaji umeme, fundi yeyote anaielewa, na inavumilia kuzamishwa majini kuliko nyingine. Ubaya wake unajulikana na wachache: kwenye mteremko mrefu, hata ukitumia injini vizuri bila kugusa breki, tela linaendelea kusukuma, kwa hiyo breki zake zinabanwa kidogo njia nzima. Unafika chini breki za gari zikiwa za baridi na dramu za tela zikinuka. Ndiyo maana anayetumia aina hii lazima asimame katikati ya mteremko, apange hivyo tangu mwanzo, hata kama gari halioneshi dalili yoyote. Tena, kurudi nyuma kwenye kilima kunazibana breki hizo kana kwamba unashuka. Za kebo za Ulaya kama AL-KO na Knott hujiachia zenyewe. Za mafuta zenye diski huhitaji pini au swichi ya kuzifungia.

Ya pili ni breki za umeme. Dereva ana kiboksi mkononi, anaongeza au kupunguza nguvu ya breki za tela, na tela likianza kuyumba anaweza kulibana lenyewe bila kugusa breki za gari. Kwa kushuka ni bora kuliko za kusukumwa, kwa sababu zinashika unapotaka na kuachia unapotaka. Ila sumaku zake na maji ya chumvi haviishi nyumba moja. Tela linaloingia Bahari ya Hindi kila Jumamosi litakula sumaku hizo, na hutajua mpaka siku ya mteremko. Zinamfaa mwenye kushusha mashua kwa kreni au kwa kigari kidogo cha mkono, tela likabaki kavu.

Ya tatu huunganisha: pampu ya umeme inayosukuma mafuta hadi kwenye diski. Ni nzuri kuliko zote na ghali kuliko zote, na ikiharibika Mafinga hakuna wa kukuuzia kifaa chake.

Kwa mmiliki wa kawaida wa Msasani tunachagua breki za kusukumwa za mafuta, kwenye ekseli zote mbili, pamoja na bomba la kusafishia dramu kwa maji baridi kila baada ya kutoka chumvini. Badilisha mafuta ya breki kabla ya safari. Mafuta ya DOT 4 mapya huchemka kwenye nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu hushuka hadi 155 hivi, na hewa ya pwani haikosi unyevu. Yakichemka, kanyagio linazama mpaka chini kama umekanyaga sifongo. Gari nalo libadilishiwe yake siku hiyo hiyo.

Kuna waya wa dharura unaobana breki tela likichomoka. Uufunge kwenye chesisi ya gari, kwenye kipande ambacho hakitatoka pamoja na kiungo. Minyororo miwili ipishane chini ya kiungo ili kichwa kikichomoka kidondokee juu yake kisilime lami. Na hilo tufe la kuvutia lipimwe: la Ulaya ni milimita 50, la Marekani la inchi 2 ni milimita 50.8, na lipo la inchi 1 na 7/8 linalofanana nayo kwa macho. Kichwa cha inchi 2 kilichofungwa juu ya tufe la inchi 1 na 7/8 kitaonekana kimeshika pale gereji, kisha kitachomoka kwenye tuta. Baada ya kufunga, pandisha jeki ya mbele ya tela mpaka kitako cha gari kiinuke kidogo. Kama kimeshika, kitainuka nacho.

Ekseli moja au mbili

Ekseli moja ni nyepesi, unaigeuza kwa mkono, na matairi ya kununua ni mawili. Kwa mashua chini ya kilo 700 inatosha. Kupita hapo, tairi likipasuka kwa mwendo wa kilomita 70 kwenye kona za Kitonga, ekseli moja inakuacha na mashua iliyoinama upande na hakuna pa kusimama. Ekseli mbili hukupa nafasi ya kutembea pole hadi kwenye uwazi. Hapa hatuna shaka: tani moja na zaidi, ekseli mbili.

Matairi yenyewe ni suala la duka. Matela mengi ya kutoka nje huja na rimu ndogo za inchi 13 zenye matairi maalumu ya tela. Ni mazuri mpaka unapohitaji moja Makambako. Fundi akubadilishie habu au rimu utumie saizi za Hiace, 195R14C au 195R15C, zinazopatikana kila mji wa njia hii, mradi namba ya kubeba uzito iliyo ubavuni inatosha. Soma na tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la tela huzeeka likiwa limesimama juani, na kashata zake hudanganya kwa kuwa bado zina kina. Likipita miaka mitano au sita, lisipande mlima. Upepo ujazwe alfajiri matairi yakiwa ya baridi, kwa kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Upepo pungufu ndio unaochemsha tairi.

Beringi, kwa ukaribu

Kinachowalaza watu barabarani mara nyingi ni beringi ya shilingi chache. Tela likitoka barabarani habu zikiwa za moto likaingizwa majini papo hapo, hewa iliyo ndani ya habu inapoa, inasinyaa, na inanyonya maji kupitia sili ya nyuma. Grisi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Miezi miwili baadaye beringi ina vidoa vya kutu, na kutu hiyo inasagika njiani kati ya Morogoro na Mikumi, kwenye joto.

Kabla ya safari fungua habu zote. Futa grisi ya zamani kabisa, kagua vidonge vya beringi na njia yake; doa moja jeusi linaloshikwa na ukucha linatosha kuitupa. Paka grisi ya majini aina moja, usichanganye, ukiisukuma kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili katikati ya vidonge. Sili iwe mpya kila mara. Kaza nati kuu huku unazungusha tairi mpaka liwe zito kidogo, kisha ilegeze mpaka tundu la kwanza la pini ya kukunja likutane, ipite pini. Ukishika tairi juu na chini ulitikise, uwepo mchezo mdogo sana usiosikika kwa sikio. Ukiikaza kabisa itaungua kabla ya Chalinze.

Beba habu moja kamili, yenye beringi na grisi tayari, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na nati, pini na sili. Ekseli nyingi za Marekani za pauni 3,500 hutumia beringi L68149 ya ndani na L44649 ya nje. Ukienda Kariakoo, Gerezani, taja namba hizo, na kama ekseli yako ni nyingine soma namba iliyochongwa kwenye beringi yenyewe. Njiani, kituo cha kwanza kiwe baada ya kilomita 30. Weka kiganja kwenye kila habu. Vuguvugu ni sawa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, au ukishindwa kuhesabu mpaka tano bila kuondoa mkono, ifungue hapo hapo.

Gari na mpangilio wa mzigo

Land Cruiser ya pikapu na Hilux zote zinatosha kwa tela la hadi tani 1.6 lenye breki. Land Cruiser inashinda kwa uzito wake. Hilux inashinda kwa mafuta. Tegemea lita 16 hadi 20 kwa kilomita 100 ukiwa na tela, na usome kitabu cha gari kwa uzito unaoruhusiwa nyuma. Prado yenye springi laini nyuma huchuchumaa, taa zinaangaza juu ya miti na usukani unakuwa mwepesi. Noah na RAV4 ziachie kuvuta Hobie. Kuhusu gia, ya mkono na otomatiki zote hushuka salama; ya otomatiki iwe na kipoza mafuta ya giaboksi, na overdraivu izimwe tangu mguu wa mlima. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda, hivyo ikifika juu ya Isyonje imebaki na kama asilimia 80.

Uzito unaokandamiza kiungo uwe asilimia 5 hadi 10 ya tela zima. Kwa kilo 1,500 ni kilo 75 hadi 150. Ukiwa pungufu, tela huanza kutembea kama nyoka kwenye kilomita 70 kwa saa, hasa lori linapokupita. Pima kwa mizani ya bafuni: weka bomba chini ya mwisho mmoja wa ubao na mizani chini ya mwisho mwingine, umbali wa sentimita 120. Shusha kiungo juu ya ubao sentimita 40 kutoka kwenye bomba, soma mizani, zidisha kwa tatu, ukiwa umeshatoa uzito wa ubao mtupu. Uzito ukipungua, sogeza mashua mbele kwenye tela au hamisha betri na nanga kuelekea omo. Injini ya nje ikiweza, itoke kwenye tezi, yaani nyuma ya mashua, ilale ndani ya gari.

Mlingoti ulazwe kwenye mihimili miwili na ya tatu katikati, ufungwe kwa kitambaa kila mahali unapogusa chuma, na kitambaa chekundu kifungwe sehemu inayotokeza nyuma. Tela liwe na namba na usajili wake, taa zote ziwake, stika za kuakisi zionekane. Trafiki wa njia hii wataangalia. Magari ya kuanzia tani 3.5 hupimwa kwenye mizani za barabarani, kwa hiyo msafara wako unaweza kuelekezwa Vigwaza na nyingine baada yake. Tenga muda.

Tukuyu au Mbinga?

Ziwa Nyasa lina mlango wa pili: Makambako, Njombe, Songea, Mbinga, Mbamba Bay. Ni mbali zaidi kwa kilomita mia moja na ushee, ila ina malori machache baada ya Makambako, na lami sasa inafika hadi Mbamba Bay. Ubaya wake ni kona. Lukumburu ina mashuko na mapando yanayofuatana, na kilomita 66 za mwisho kutoka Mbinga zina kona za kubana ambazo tela refu huzikata kwa ndani. Tukuyu ni mteremko mrefu wenye kona pana, lakini mvua ya Rungwe ni ya kweli, na ukungu wa Isyonje hushuka mchana ukiondoka. Mwenye breki za kusukumwa tunampeleka Mbinga, kwa kuwa mashuko yamegawanyika na dramu hupata nafasi ya kupoa kati ya kilima na kilima. Mwenye breki za umeme, au tela la urefu wa mita 9 na zaidi, apite Tukuyu.

Ondoka Dar saa kumi alfajiri, uwe umepita Kimara na Kibaha kabla ya foleni. Mikumi fuata vibao vya mwendo; tela halisimami kama gari, na wanyama huvuka. Kitonga uifikie mchana. Zima kiyoyozi, acha nafasi ya malori mawili mbele yako kwa sababu lori lililobeba hurudi nyuma kidogo likibadili gia, na sindano ya joto ikipanda simama kwenye uwazi injini ikiunguruma, siyo kuizima. Lala Iringa. Kesho yake toka saa kumi na mbili asubuhi ili uwe Isyonje mapema mchana.

Kabla ya kila mteremko simama, shika habu, kisha shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu mpaka upungue kilomita 10 hivi, achia kabisa, ziache zipoe. Kuikalia breki kidogo kidogo ndiko kunakoiua. Usiweke fri hata mita moja. Ukisimama, utingo ateremke kwanza na kigingi, kiwekwe chini ya tairi la tela upande wa chini wa kilima, ndipo mguu utoke kwenye breki.

Ukifika Matema au Mbamba Bay, tela lisiingie majini papo hapo. Liache lisimame nusu saa au zaidi, mpaka dramu zishikike kwa kiganja. Chuma cha moto kikikutana na maji ya ziwa hupinda au kupasuka, na habu hunyonya maji kama tulivyosema. Muda huo angalia nyaya za umeme juu kabla ya kusimamisha mlingoti. Mlingoti wa alumini na waya wa umeme hauhitaji hata kugusana vizuri kuua mtu. Mchangani punguza upepo wa matairi ya gari hadi psi 18 hivi, tandika mbao chini ya matairi ya tela, na utumie kamba ndefu ili gari libaki kwenye ardhi ngumu. Kuanzia Mei hadi Agosti mwera, upepo wa kusini-mashariki, huvuma kwa nguvu na mawimbi hufika ufukweni yakiwa mazito, kwa hiyo panga kushusha alfajiri, au uje Septemba hadi Novemba.

Maji ya ziwa ni matamu. Tela likishatoka, lizamishe tena kwa makusudi habu zikiwa za baridi, lisafike chumvi yote ya Msasani iliyobaki kwenye springi na chesisi, kisha uongeze grisi kwenye habu zote kabla ya kuanza kupanda kurudi.